Abee

Darasa langu lilikuwa stoo ya mkonge,
Pongwe, nyuma ya reli; ukuta bado unanuka singa.
Watoto sitini na wanane, mkeka mmoja na nusu.
Nusu yenyewe aliileta bibi yake Mwantumu,
akasema, "Upande wa pili kala mchwa."

Asubuhi naita majina. Nimewafunza adabu ya pwani:
mvulana huitika *naam*, msichana huitika *abee*.
Kibwana huitika kabla sijamwita.
Nyange haitiki. Nyange huutazama mkono wangu;
nikiinua chaki yeye huinamisha kichwa
kama mtu anayepita mlango mfupi.
Siku hizi naandika nimechuchumaa.
Ubao nimeuteremsha mpaka sakafuni.

Mtaani wameshanipa jina: Yaya Singano.
Mwalimu mkuu aliniuliza siku ya kwanza,
"Hawa wadogo umepewa, au umeadhibiwa?"
Mama mkwe hakuniuliza mimi. Alimgeukia binti yake:
"Nilidhani tumekuoza kwa mwalimu."

Nami nimejifunza sheria ambazo hazikuandikwa.
Mtoto akijikojolea, namwita Mama Hoza aache uji
aje amvue yeye; mimi nageukia dirishani
nahesabu mabehewa ya saruji, hata siku hakuna treni.
Akianguka, nampuliza goti mbele ya watu.
Simpakati.
Mikono yangu naiweka pa kuonekana,
kama mizani ya muuza dagaa.

Baba yake Kibwana alikuja mara moja na baiskeli,
akanikuta nimepiga magoti mkekani, mimi ng'ombe,
watoto watatu mgongoni wananiswaga kwenda Muheza.
Alisimama mlangoni. Hakusema.
Jumamosi akarudi na misumari minne,
akapigilia dirisha lililokuwa likigonga.

Posho ni elfu ishirini, wazazi wakichanga.
Mwezi wa mvua mkonge haukatwi,
nao hawachangi, nami sidai.
Kwa Mangi, daftari lina ukurasa wangu,
pembe imekunjwa ili usitafutwe.

Ni huko kwa Mangi nilikoisikia redio:
deni la taifa, trilioni kadha wa kadha,
na ukiligawa, basi kila mmoja wetu,
hata aliyezaliwa jana…
Mangi akapunguza sauti.
Akaniangalia mimi, akaliangalia daftari.

Kesho yake somo lilikuwa sifuri.
"Sifuri inafanana na nini?"
"Yai!" Kibwana, bila kunyoosha kidole.
Sijui shetani gani alinipanda:
nikachukua mkaa, nikachora sifuri kumi na mbili
kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji.
Wakazifuata wameinama, wakihesabu mayai.
"Mwalimu, ya nani haya?"
"Ya deni."
"Nani kayala?"
Nikasema somo limekwisha, nendeni mkanawe.
Mwantumu hakwenda.
Alikalia yai la mwisho, kanga ya bibi yake mabegani,
akasema yeye analiatamia.

Jana mvua ilinyesha, bati likapiga
hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia.
Nilikuwa chini, namfunga Kibwana kiatu kwa uzi wa katani,
mtu akanivuta shati kwa nyuma.
"Mama."

Nyange.
Sauti yake sikuwahi kuisikia tangu Januari,
nyembamba, ina kikwaruzo, kama bawaba.
Na yeye alipoisikia alichokisema
mabega yakapanda, kichwa kikashuka,
akausubiri mlango wake mfupi.
Wenzake nao kimya, vikombe hewani.
Mama Hoza kasimama na upawa.

Mdomo wangu haukuniomba ruhusa.
"Abee," nikasema.

Akanyanyua jicho moja, kisha la pili.
"Uji umekwisha," akasema,
akanigeuzia kikombe nione chini.